Mikono ya Asajile

Mlowo, Mbozi
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Rabson,

Kabla hujaanza kurukaruka mistari ukitafuta msiba, nakuambia mapema kwamba hakuna aliyekufa. Sote hapa Mlowo tu wazima. Mama goti linamsumbua baridi ikizidi, lakini kanisani anapanda ngazi mwenyewe, na ukijaribu kumshika mkono anakasirika. Baba naye ni mzima, ingawa juu yake nina maneno mengi, na ndiyo sababu ya kukaa kitako kuandika. Mimi sijambo, duka langu la pembejeo linatulisha. Binti yangu Gwantwa ameanza darasa la kwanza na anajua ana mjomba kule Kitwe, maana nimemwambia, ila sura yako haijui. Nasi tunakuuliza hali: afya, kazi, na kama umepata mtu wa kukupikia au bado unaishi kwa mkate na soda kama ulivyokuwa chuoni.

Barua hii anakuletea Ezron, yule dereva wa lori anayepakia mahindi hapa kwetu. Alituambia amekuona huko kwenye gereji, umenenepa kidogo, na kwamba ulimsihi asiseme. Ezron hajui kutunza siri na mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Namba yako ya zamani nimeipiga mpaka sauti ya yule dada anayesema simu haipatikani nimeizoea kama ya jirani.

Nimekukumbuka sana, kaka. Nikienda Tunduma kuchukua mzigo, macho yangu hayatulii, kila dereva mwenye mabega mapana nadhani ni wewe. Mwaka jana nilimkimbilia mtu mmoja mpaka upande wa Nakonde, nimeacha mzigo wangu kwa watu nisiowajua. Alipogeuka, akawa Mbemba wa watu, akaniita bamayo, yaani mama, kwa heshima na kuniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Nikamwambia nimepotelewa na kaka. Alinisindikiza mpaka mpakani bila kuniuliza tena, na nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Sasa nikupe habari. Mechi ya Chaki na Majembe imekwisha. Sisemi imechezwa, nasema imekwisha kabisa, haitakuwapo tena. Vyuo viwili vinaunganishwa kuwa kimoja. Chaki, chuo chenu cha ualimu kule Ibaba, kinahamishiwa Hasamba, kwenye majengo ya Majembe, chuo cha kilimo nilikosoma mimi na alikosoma mama. Mtu hawezi kuwa na utani na kitanda cha pili ndani ya bweni lake mwenyewe, kwa hiyo wakubwa waliamua mechi ya mwaka huu iwe ya mwisho, na wakaalika wachezaji wote wa zamani walio hai.

Unaikumbuka hadithi yenyewe ilivyoanza, baba alikuwa akitusimulia tukiwa wadogo mpaka uji unapoa. Lori la Majembe lilikwama kwenye tope kule Ibaba, wanafunzi wakawa hawana la kufanya, wakacheza mpira na wenyeji wao kwa makubaliano kwamba atakayefungwa ndiye atakayesukuma lori. Tangu hapo kila mwaka anayefungwa anamfanyia kazi aliyemfunga. Majembe wakifungwa, Jumamosi inayofuata wanapanda Ibaba kupasua kuni za jiko la Chaki, maana kule baridi haina huruma. Chaki wakifungwa, wanashuka Hasamba kuchuma kahawa ya Majembe, na Majembe wanawapikia. Watu wa nje walituona wajinga, vijana wa chuo kuchumishana kahawa. Lakini hesabu ndoa za walimu na mabwana shamba wa mkoa huu uone ngapi zilianzia kwenye mistari ya mibuni.

Na unaikumbuka mechi ya mwaka themanini na nane, hata kama hutaki. Baba golini, Chaki wakiwa na timu ambayo watu wanasema haijapata kutokea tena, mzee Osea akiwa nahodha. Shuti likatoka mbali, la kivivu, la kudakwa na bibi kizee. Likapita mikononi mwa baba. Chaki wakafungwa bao hilo moja, Osea akalia mbele za watu kwa sababu goti lake lilikuwa limeshaharibika na hakucheza tena. Tangu siku hiyo mkoa mzima ukapata msemo wake. Sahani ikidondoka harusini, mikono ya Asajile. Mtoto akimwaga maziwa, mikono ya Asajile. Baba mwenyewe alikuwa akicheka na wenzake, nasi tulikua tukiamini kwamba hayo ni ya kuchekesha tu.

Mpaka ilipofika zamu yako ukiwa golini kwa Chaki, na mpira ule wa mvua ukakuponyoka. Mimi nilikuwa upande wa Majembe siku hiyo, nimevaa kijani, na uwanja mzima ulipoanza kuimba mikono ya Asajile nilifunga mdomo, lakini wenzangu hawakufunga. Nilikuona ulivyosimama umeishika nguzo. Jioni ile mezani ukamwambia baba maneno ambayo bado yanakaa humu ndani mwetu: "Ningezaliwa na mtu mwingine, ule mpira ningeudaka." Baba akaendelea kumenya kiazi. Haikupita wiki ukasema unakwenda Tunduma kutafuta kibarua, na Tunduma ikawa Zambia, na Zambia ikawa miaka yote hii. Nilimchukia baba kwa kunyamaza kwake. Hilo sikuwahi kukuambia.

Basi mwaka huu tulikwenda Hasamba wote watatu kwa gari la kukodi. Ungewaona wazee wa Chaki, mashati meupe, matumbo mbele, kila mmoja akidai alikuwa winga. Mechi ilikuwa nzuri. Chaki walifungwa mbili kwa moja kihalali kabisa, hata mimi wa Majembe nilimhurumia kipa wao maana alijitahidi. Baada ya hapo tukakaa chini ya turubai kula, na wale wa zamani wakaombwa kusema machache. Osea alisimama kama nahodha wao, akaanza na ile ile, kwamba anaomba sahani zote ziwekwe mbali na rafiki yake Asajile. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikamtazama baba nikitegemea atacheka kama kawaida yake. Hakucheka. Akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti.

Rabson, nilikuwa nimekaa karibu naye na nitakuandikia alivyosema. Alisalimia kwanza, kama mwalimu anavyoingia darasani. Kisha akasema: "Ule mpira niliuona tangu unapigwa. Niliurudisha mkono kwa makusudi, ukapita. Nilitaka tufungwe ili nije Hasamba."

Akaeleza kwamba mwaka uliotangulia Majembe walikuwa wamefungwa, wakapanda Ibaba kupasua kuni, na miongoni mwao kulikuwa na msichana aliyewashinda wanaume kwa shoka. Alizungumza naye maneno machache tu kwenye rundo la kuni. Akamwandikia barua baadaye, hazikujibiwa, maana barua za wasichana zilipitia kwa matroni, na matroni yule alikuwa mkali. Mwanafunzi wa Ibaba hakuwa na njia ya kuingia chuo cha Hasamba isipokuwa afungwe, apewe kapu, na aingizwe kwenye mibuni kwa heshima zote. Hivyo ndivyo alivyompata mama yetu. Akasema afadhali aitwe mzembe kuliko aitwe aliyeiuza timu yake kwa ajili ya msichana, na kwa hiyo akaubeba huo uzembe na kuuchekea kwa miaka yote hiyo.

Nilidhani amemaliza. Akakohoa, akasema tena: "Mwanangu Rabson hakurithi chochote kwangu. Mikono yangu haikuwa na kasoro. Mpira wake ulimponyoka kwa mvua, kama unavyomponyoka kipa yeyote, nami nilimwacha akaondoka akiamini ni damu."

Akarudisha kipaza sauti na kukaa. Osea aliweka sahani yake chini, akavaa kofia, akatoka bila kumtazama mtu. Wale wazee wa mashati meupe wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema, kwa sauti ya kutusikizisha, kwamba miaka yote wamekuwa wakila meza moja na msaliti. Baba alisikia. Kwenye gari mama alitazama dirishani njia nzima mpaka Mlowo.

Ungedhani baada ya hayo angejificha ndani. Jumamosi iliyofuata aliamka akavaa gambuti, akachukua kapu, akasema Chaki wamefungwa na yeye ni Chaki, anakwenda kuchuma. Mama naye akavaa gambuti zake, wakati yeye ni Majembe na kazi yake ingekuwa kupika. Nikawafuata. Wanafunzi walikuwa wengi, kelele na nyimbo, ila mstari wa baba hakuna aliyeutaka, akawa anachuma na mama peke yao, mimi ng'ambo ya mbuni. Ndipo nikamsikia mama akimwambia, bila kuacha kuchuma, kwamba siku ile ya themanini na nane alikuja Ibaba na washabiki, na alikuwa amesimama nyuma ya goli. Aliuona mkono ukirudi. "Kwa hiyo nilijua unakuja," akasema.

Baba alisimama na punje mkononi kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mimi, kaka, sikuona utamu wowote hapo. Nilitoka upande wangu nikawaendea wote wawili, nikawauliza kwa hasira, tena mbele ya watoto wa watu, kwamba kama mmoja alijua na mwingine alijua, ilikuwaje wakamwacha Rabson aondoke na mzigo ambao wao ndio walioufunga. Mama alichuma tawi zima kabla ya kunijibu. Alisema alidhani ni utani wa uwanjani utakaopita. Kisha akasema ukweli zaidi, kwamba aliona aibu, hakutaka kuitwa mwanamke ambaye mechi iliuzwa kwa ajili yake, na kila mwaka ulipopita ilizidi kuwa vigumu kufungua mdomo. Alisema kila Jumapili anakuombea na kila Jumapili anajua kwamba anayepaswa kusema si Mungu. Nilimwona akilia, na hujawahi kumwona mama akilia, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Mchana Osea akaja. Hakumsalimia mtu. Alichukua mstari wa mbali akachuma kwa kuchechemea, na tulipopeleka makapu kwenye mizani akajikuta amesimama nyuma ya baba. Akachungulia kapu la baba, akaanza kutoa punje za kijani na kuzitupa, moja moja, akinung'unika kwamba hata kahawa mbivu Asajile hajui, anachuma mbichi. Baba akamwachia kapu. Hawajapatana, usije ukadhani wamepatana, na kanisani bado wanakaa safu tofauti. Ila kapu lilichambuliwa likabaki jekundu tupu.

Sasa msemo ule mjini umekufa. Watoto wanaudondosha uji na hakuna anayesema kitu. Badala yake baba akipita stendi wazee fulani wananyamaza mpaka apite, na yeye anawasalimia wote kwa majina. Nilimuuliza kama anajuta kusema. Alisema alikuwa na jina moja la kutoa kwa ajili yako, na aliona alitoe angali hai. Nilimwambia nitakuandikia haya yote. Akanikataza. Anasema una maisha yako huko, umeshajijenga, usije ukabebeshwa majuto ya mzee, na kwamba yale uliyomwambia mezani yalikuwa haki yako.

Kaka, mimi sikulazimishi, ila najua ninachokitaka. Nataka nikuone umekaa kwenye kiti chako unagombana nami kuhusu penalti. Nataka Gwantwa akujue sauti. Ukifika Nakonde mwombe mtu yeyote simu unipigie, nitafunga duka na kuja mwenyewe kukupokea mpakani, hata kama ni siku ya mnada.

Mama anakusalimu sana, na amempa Ezron kifurushi cha maharage ya Ileje, usiyapike na soda. Mchungaji anakusalimu. Wasalimie wote wanaokutendea wema huko, hasa aliyekupa kazi. Mungu akulinde njiani na kazini.

Baba anasema usije kwa ajili yake. Mimi nasema njoo kwa ajili yake, na ukifika usimwambie kwamba nimekuambia.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Lusungu