Maoni ya Mwalimu Nkwabi

Jumatano. Vumbi tupu. Malori ya pamba yamepita tangu asubuhi na nyuzi zake zimenasa kwenye kila kichaka cha barabarani hapa Bariadi. Nimefunga dirisha la ofisi, sasa joto linanichemsha. Acha linichemshe, nimestahili.

Niseme tu. Nimemdhalilisha mzee wa watu mbele ya kamati nzima, na hakuwa na kosa.

Kazi yenyewe ni kitabu cha historia ya shule ya msingi niliyosoma, kule Mwamapalala. Mimi ndiye ninayepanga kurasa, na Ijumaa kinakwenda kwa wachapaji Mwanza. Wanakamati wanakisoma kwa linki: mtu anafungua kwa simu, anagusa ukurasa, anaandika maoni yake pembeni, nami nayaona kwenye kompyuta. Hakuna tena kuchapa makaratasi na kuyatuma kwa bodaboda. Niliringa sana na ile linki.

Mwalimu Nkwabi alifundisha pale mpaka akastaafu. Ndiye anayewatambua watoto wote kwenye picha za zamani. Lakini wenzake wote walileta maoni, yeye hakuleta hata moja. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nilipompigia alisema ameandika, tena mengi, na akanitumia skrinishoti. Sikuikuza hata kuisoma. Nilimjibu, "Mwalimu, hujabonyeza Tuma."

Akanijibu, "Haya, nitajaribu tena."

Wiki ya tatu mwenyekiti akauliza kwenye kundi la kamati kazi imefika wapi. Nikaandika hivi, nanukuu kwa sababu kufuta sitafuti: "Wote wameshasoma isipokuwa Mwalimu Nkwabi. Wazee wengine tuwaache wapumzike, simu kwao ni ya kupokelea salamu." Nikaweka na vile vikatuni vya kucheka machozi. Watu wakacheka. Mtu mmoja akashauri jina lake litoke kwenye ukurasa wa shukrani, maana hakusoma. Mwenyekiti akakubali.

Nililitoa mimi, kwa mkono wangu, na kundini nikatangaza kwamba nimelitoa.

Juzi Jumatatu akaja ofisini bila taarifa. Nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la njiani. Nikapiga goti kumwamkia kama nilivyolelewa. "Mwangaluka, Mwalimu," kwa Kisukuma chetu. Akaitikia vizuri tu, "Mwangaluka, Kabula, mhola?" Nikajibu mhola, salama, huku nimeangalia sakafu. Kumpigia goti mtu uliyemcheka kundini ni kazi ngumu, asikwambie mtu.

Akatoa daftari la shule, lile la mistari. Alikuwa amelichora safu kwa rula: siku, saa, ukurasa, alichoandika. Saa zote zilikuwa za alfajiri, saa kumi na moja, saa kumi na moja na nusu, kabla ng'ombe wake hawajatoka zizini, maana kwao kukishapambazuka mtandao unakuwa wa kubahatisha.

Nikasema moyoni, leo nitamwonyesha anapokosea. Nikamwomba aandike maoni mbele yangu. Akavaa miwani, akagusa ukurasa wa 14, akaandika, akabonyeza Tuma bila kusitasita. Alama ya maoni mapya ikatokea kwenye kompyuta yangu papo hapo.

Sikuelewa. Ili kumwonyesha kurasa mpya nilizopanga, nikabonyeza Sasisha, ile ya kupeleka mabadiliko yangu kwenye linki.

Maoni yake yakapotea.

Kwenye simu yake yalikuwa bado yapo, na jina lake juu. Kwangu hakuna. Tukarudia, yakapotea. Nikachukua simu yangu mimi mwenyewe, nikaandika "jaribio", nikasasisha, likapotea. Mara nne, na mara zote nne ni vilevile. Nikijaribu kufungua maoni na kuyasoma kwanza, ndipo nisasishe, yanabaki. Yasiyosomwa yanafutika, na programu haisemi neno.

Kisha nikatazama tena zile saa za kwenye daftari. Mimi hufika saa mbili asubuhi, na kabla hata sijaweka mkoba chini nabonyeza Sasisha, kwa sifa, wanakamati waone nimewahi kazini. Wenzake huandika mchana, nami husoma kabla ya kufunga ofisi. Aliyekuwa anaandika alfajiri ni yeye peke yake. Kila asubuhi nilikuwa nafuta kazi yake ndipo nakunywa chai.

Nikamweleza. Alivua miwani.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

Nikasema hapana, Mwalimu, si wewe.

"Nilidhani akili imeanza kuniacha. Naandika, unasema sijaandika. Ndiyo nikaanza daftari, nijipime."

Nilikuwa nimedhani daftari lile amelileta kunishtaki.

Sasa hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, maana ningeweza kuishia pale na kusema programu ndiyo mbaya. Jana nimewaandikia watengenezaji wake barua safi kabisa: fanya hivi, kisha hivi, tokeo ni hili, hutokea kila mara. Kwa watu nisiowajua nilieleza kila hatua. Kwenye kundi la kamati niliandika mstari mmoja tu: "Kulikuwa na tatizo la kiufundi, limeshatatuliwa." Jina la Mwalimu nikalirudisha kwenye shukrani, nikanyamaza.

Leo nimefika saa mbili. Kwa mara ya kwanza nikafungua maoni kabla ya kugusa kitu kingine. Yalikuwa mawili, ya saa kumi na moja alfajiri.

Ukurasa wa 14: "Huyu wa tatu kutoka kushoto mmemwandika marehemu. Mabula yu hai, jana kanisalimia mnadani. Hii ni mara ya sita naandika." Mara sita! Ningemzika Mabula kwenye kitabu, na wajukuu zake wangesoma.

Ukurasa wa shukrani: "Kabula, jina langu umelirudisha kimyakimya. Ulilitoa watu wakiona."

Nimeyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, mkoba bado begani.

Hakutukana, wala hakuniita mtoto asiye na adabu, ingawa ningekubali. Amesahihisha tu, kama anavyosahihisha daftari la mtoto wa darasa la nne. Nikakaa, nikafungua lile kundi, nikapanda juu mpaka kwenye ujumbe wangu wa vikatuni, nikaujibu palepale watu wote wauone. Nilianza kueleza habari za programu na linki, nikafuta. Nikaanza tena na tatizo la kiufundi, nikafuta.

Mwisho nimeandika hivi: "Mwalimu Nkwabi alisoma kila ukurasa na kuandika kila alfajiri. Ambaye hakusoma ni mimi. Nilimcheka hapa, naomba radhi hapahapa."

Nimebonyeza Tuma. Simu nimeilaza kifudifudi mezani, na sasa nafuta neno "marehemu" kwenye jina la Mabula.