Mkono wa Pandu na Picha ya Dubu

Bertrams,
Johannesburg.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Pandu,

Assalaam alaykum. Unaendeleaje? Kidonda kimefunga? Usingizi unaupata? Nijibu haya matatu kwanza, halafu ndiyo tugombane. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno, na shemeji yako Mahmoud anakohoa tangu Iddi.

Naandika kwa karatasi, na Nusaiba anayerudi huko Kanada Jumapili ndiye atakayekuletea. Simu nimeichoka. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nimekasirika, Pandu, na sitajifanya. Mlinzi wa hifadhi aliwaambia getini hatua mia moja, si pungufu. Ulimwelewa, maana wewe mwenyewe ulinieleza. Ukamwona dubu yuko na mtoto wake, ukasogea mpaka hatua kumi, kisha ukampa mgongo ili uso wako na wake viingie pamoja kwenye picha. Mgongo! Hata paka aliyezaa hapa uani hatumchezei hivyo. Leo mkono wa kulia umekatwa chini ya kiwiko, na kazi yako ni kupaka rangi nyumba za watu. Ngazi utaipandaje, na ndoo utaishika na nini?

Lakini hasira yangu haiishii kwako. Ile picha ya kwanza uliyotuma kwenye grupu la familia ilikuwa ya mtu mwenye akili: mto, msitu, na dubu huko ng'ambo, mbali. Ami Mansour akaandika kwamba yeye anaona mbwa koko aliyelowa. Watu wakacheka wiki nzima, wakakuuliza kama umefika Kanada kweli au umejificha Mombasa. Ukiishi ughaibuni kila siku wanakudai ushahidi, na ukiutoa hautoshi. Sasa umeumia, na ami huyo huyo anaomba picha ya jeraha. Nimemjibu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, kisha nikatoka kwenye grupu.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nayajua haya. Kwenye nyumba ya wageni ninakofanya usafi, kule Midrand, kulikuwa na dereva Mrundi anaitwa Didier. Alimpeleka mgeni kutazama simba. Mgeni akashusha kioo, akatoa mkono nje na simu yake ili apate picha ya karibu. Didier akamvuta ndani, akapandisha kioo, akaondoa gari. Mgeni akaenda kushtaki, na Didier akafukuzwa. Jumatatu alipokuja kuchukua vitu vyake nilimwambia amefanya jambo la maana, bora yeye akose kazi kuliko yule akose mkono. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, nikiwa kwenye teksi narudi nyumbani, nikakuandikia mbele ya ukoo mzima: "Sogea basi, tukuone wewe na yeye." Nikaweka na vicheko. Eish, Pandu. Naona haya hata kuyarudia.

Uliniomba nimwambie Mama kwamba ni mashine ya kazini. Nilijaribu. Nilimpigia Unguja maneno nimeshayapanga, nikashindwa kumdanganya mtu wa miaka sabini na mbili anayeniuliza kwa upole kama mwanawe anakula. Nikamwambia ni dubu, na kwamba ulikuwa unapiga picha. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani alimwambia asogee?"

"Mimi, Mama."

Nisalimie sana mkeo Najma. Mwambie namshukuru kwa kukulisha na kukuvisha, na asichoke nawe ukiwa mkali. Mahmoud anakusalimu, na watoto pia, kwa Kizungu chao. Mwenyezi Mungu akuponye, akufungulie riziki ya mkono uliobaki.

Nisamehe, mdogo wangu. Kama huwezi sasa, sitakulazimisha. Ila mpigie Mama. Tangu siku ile simu yangu hapokei, na yako atapokea. Mweleze unavyoendelea, na akinitaja, usinitetee.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Chiku