Ugonjwa wa Bibi Tuliouficha

Jumatano, Same mjini. Jua kali, upepo wa vumbi, na mimi nina UTI. Tena. Na kama kawaida, imekuja pamoja na ile huzuni yangu isiyoeleweka, ambayo hospitalini wanaiita sonona.

Leo daktari ameniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa: je, kwenu kuna mwingine anayepata yote mawili? Akanieleza kwamba watafiti wanachunguza vinasaba, na huenda baadhi ya vile vinavyohusishwa na sonona vinahusika pia na maambukizi ya njia ya mkojo. Akasisitiza kwamba hiyo si hukumu, bado majibu yanatafutwa. Lakini mimi kimawazo nilishafika Myamba.

Kwa bibi, mama yake mama. Jamani, nimemkumbuka! Mikono yake ilinukia tangawizi hata Jumapili kanisani. Akipika makande alinitania kwamba nina tumbo la watu wawili. Kisha zilikuja wiki za kulala akiangalia ukuta, hataki hata dirisha lifunguliwe. Na ni wiki hizohizo alizolalamika kwamba mkojo unamchoma. Mkojo tuliutibu kwa dawa za majani. Huzuni tuliificha.

Tuliificha kweli. Kwetu Upareni, kabla ya posa wazee wa upande wa pili huulizia ukoo, kama una ugonjwa wa akili. Walipokuja kumuulizia mama mdogo, bibi alipelekwa kijiji cha Bombo kwa ndugu, wageni wakaambiwa ameenda kusaidia kuvuna mahindi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimbebea kikapu hadi kwenye gari.

"Mjukuu wangu, nimewaaibisha?" aliniuliza.

Nilisema hapana, ila sikumtazama usoni.

Jumamosi hii wazee wa Elia, mchumba wangu, wanakuja kuniulizia mimi. Mchana mama amepiga simu: "Hayo ya bibi yako usiyaguse, mwanangu. Marehemu tumwache apumzike." Nikaitikia, "Sawa, mama." Mwoga mimi.

Nilipokata simu nililia. Nampenda Elia, naogopa kumkosa. Lakini nikimficha bibi, itabidi nijifiche na mimi, maisha yangu yote.

Nimemwandikia Elia kila kitu: bibi, UTI, vidonge vya sonona ninavyomeza.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Akiniacha nitaumia sana, sitajidanganya. Ila Jumamosi wazee wakiuliza habari za ukoo, mama asihangaike.

Nitajibu mwenyewe.