Panya wa Kundi la Maji

Jumamosi, Nyahanga. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na sijaongea na mtu. Si ajabu, mimi huwa siongei. Ila leo nimenuna kweli.

Nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mama anafanya usafi chuoni, akaniombea nimsaidie Madam wa maabara kupima panya waliofanywa wawe na kisukari. Kundi moja linapewa mlonge, majani yaliyochemshwa na kuchujwa. La pili linapewa maji matupu, ili tulinganishe.

Jana Madam alipiga hesabu ya mwisho. Makundi yote mawili sukari imeshuka, tena sawasawa.

"Basi mlonge haujafanya kitu," akasema. Akavua glavu, akatoka bila hata kuniaga.

Nyumbani nikamsimulia Mama. Akacheka.

"Hao wa maji nao nilikuwa nawamiminia mlonge kwenye chupa zao. Wote wagonjwa, halafu mmoja anywe dawa mwenzake anamwangalia? Nyie wasomi mna roho ngumu. Mimi nina sukari, najua inavyotesa."

Kwetu hakuna kula huku mtoto wa jirani amesimama mlangoni. Mama kakulia hivyo, na panya nao kawahesabu humo humo.

Nilitaka kumweleza kwa nini lile kundi lilipaswa kuachwa na maji yake. Kwa Kiingereza cha shule ningejaza ukurasa mzima. Mbele yake nikaambulia, "Mama, umeharibu."

"Nimeharibu nini, daktari wa panya? Si wameshuka wote?"

Hapo ndipo panaponiuma. Huenda ni mlonge uliowashusha. Huenda ni kitu kingine kabisa. Hakuna tena panya wa maji matupu wa kutuambia. Lakini yeye ameshaamua: tangu aone wanachangamka, vidonge vyake vya sukari kaviweka juu ya kabati, anakunywa mlonge peke yake.

Nina hasira naye. Ni mama yangu na nina hasira naye.

Leo nimeshinda nikimwangalia. Kamaliza jagi la maji kabla ya mchana, kajaza lingine. Chooni anakwenda na kurudi. Jioni kakaa kwenye kigoda, unga uko kwenye ungo, hana nguvu ya kuuchekecha. Panya waliozidiwa mwanzoni, kabla sukari haijashuka, walikuwa hivyo hivyo: chupa tupu, maranda ya kulalia yamelowa chapachapa. Angekuwa panya ningemkimbilia Madam palepale.

Kwa sababu ni Mama, nimekaa kimya. Eti aibu.

Nikisema, Mama atapoteza kazi, hilo najua. Nisiposema, hakuna mwingine atakayemrudisha kwenye vidonge, maana mimi hanisikii, anayemheshimu ni Madam.

Kesho akienda kanisani, mimi nitakwenda kwa Madam. Akitaka kumfukuza amfukuze, ila aje kwanza na kipimo cha sukari amtoboe kidole, amwonyeshe ilivyopanda.

Mama atanichukia. Sawa. Anichukie akiwa mzima.