Helmeti ya Vaileth Ilikuwa Wapi Saa Nne na Nusu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Albano Nangumbi
Umri: miaka 73 (mwenyewe anasema 60)
Kabila: Mmakonde
Elimu: darasa la nne
Kazi: fundi viatu, na mlinzi wa helmeti
Makazi: Mbezi Luis, nyuma ya mashine ya kusaga

Tangu nianze kulinda helmeti za bodaboda pale kijiweni kwetu, mkabala na stendi, haijapata kupotea hata moja. Afande Demetria, hiyo iandike kwa herufi kubwa.

Basi, futa. Zimepotea tatu, na ya nne ndiyo iliyotuleta hapa.

Dereva akiingia stendi kumbebea abiria mizigo, huwa anaacha helmeti kwenye kioo cha pikipiki. Akirudi anakuta kioo tu. Ndiyo nikabuni waya. Naupitisha kwenye mikanda ya kidevuni, nafunga kufuli kwenye mguu wa benchi langu, ufunguo uko shingoni pamoja na rozari. Na kila mkanda naushonea uzi wa rangi ya mwenyewe. Wa Vaileth ni wa njano.

Leo Alhamisi tarehe 14 Mei, saa nne kasoro robo asubuhi, Vaileth, dereva wa kike pekee pale kwetu, aliniletea helmeti nyekundu ya abiria wake. Jana tu ndiyo nimeishonea.

"Shikamoo babu. Hii mpya, nikirudi niikute."

"Marahaba. Mie nitaibiwa kabla yake."

Alipoondoka, jirani yangu Somoe, mama lishe, akafungulia muziki wa singeli mpaka sufuria zikawa zinacheza. Sasa mie nina usingizi wangu wa saa nne, na hakuna daktari aliyeukataza. Nikaivaa ile helmeti, nikashusha kioo chake, kelele zikawa kama zinatoka Kibaha. Nikalala nimekaa.

Saa nne na nusu nikaamshwa na ugomvi. Vaileth amesimama mbele ya waya, helmeti yake haipo, machozi yanamlengalenga. Nikainuka nikapiga kelele kuliko wote: "Mwizi! Asitoke mtu!"

Wakati huohuo Bakari anatoka chooni, helmeti nyekundu mkononi. Bakari ni dereva mwenzao, ila ulinzi wangu hauamini. Helmeti yake haiachi popote, chooni anaingia nayo. Hilo nalijua, na bado nikamnyooshea kidole. "Huyo!"

Madereva wakamzaba makofi mawili, wakamleta kwenu. Alisema neno moja tu, "Babu, hata wewe?" Mkanda wa helmeti yake sikuutazama, mie niliyeshona yote.

Kichwani kwangu hakuna aliyetazama. Mtu kuvaa helmeti pale kijiweni ni kama mtu kuvaa kanzu msikitini.

Saa tano kasoro dakika kumi Somoe akaniletea chai. Akasimama ananitazama.

"Babu, hiyo chai utaipitishia wapi na kioo umeshusha?"

Nikashika kichwa. Nikavua. Uzi wa njano. Somoe akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akakaa. Mie sikucheka. Nilicheka kidogo, halafu nikamkumbuka Bakari.

Nimekuja kwa miguu, na helmeti ya Vaileth hii hapa mezani. Tazama mkanda wake. Sasa tazama ile mliyomnyang'anya Bakari: haina mshono wangu hata mmoja. Ile ni yake. Bakari hajaiba kitu, aliyekosa ni huyu anayeongea. Mfungulieni.

Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyalala nimeyasema pia.

Limebaki moja. Afande, mwezi wa kwanza nilikushonea buti asubuhi ya gwaride, ukasema, "Mzee, siku ukiwa na shida niambie." Shida ndiyo hii. Bakari akitoka atapita mlango huu huu, na mkono wake ni mzito. Naomba niazime hicho kielelezo, nikivae mpaka apite.

Sahihi: A. Nangumbi

Maelezo yameandikwa nami, WP Koplo Demetria, saa saba mchana. Shahidi amesomewa, amekubali yote ni sahihi isipokuwa umri. Bakari ameachiwa. Kielelezo kiliazimwa kwa dakika tano. Bakari alikigonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akauliza kama kuna mtu ndani.