Mpaka wa Kutuza Arudi Kitako

Kikwajuni, Mjini Unguja
11 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Miye mzima, nakula, nalala, kifua kimepoa. Wewe je, na masikio? Shangazi Amne mguu umeacha kumuuma?

Najua hukutarajia barua yangu. Simu huisikii, na miaka minne hii hata ungeisikia usingeipokea. Ndiyo nikaandika.

Bendi yetu ya panki imekufa. Badriya aliyekuwa akiimba kahamia Dar, na Samir wa ngoma kaoa, mkewe hataki kelele. Nimebaki miye na gitaa langu la besi. Watu wananambia nitafute bendi nyengine. Sitaki. Nnarekodi albamu yangu mwenyewe, nyimbo sita, natunga miye, naimba miye. Rafiki yangu Muhiddin kanipa chumba chake cha kurekodia mpaka mwisho wa Mei, kisha anakihama. Nikishindwa hapo, basi, n'takwenda kupokea wageni hotelini kama anavyotaka Shangazi.

Baba, nnaliomba lile besi lako kubwa la kusimama. Najua limo ndani limefunikwa shuka.

Mwanao,
Khawla

Chwaka
19 Januari 2025

Khawla,

Marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia mvumo tu. Amne mguu umepona, sasa kilichobaki ni ulimi, maana haupumziki.

Besi sikupi. Nilikufundisha miaka sita pale klabuni kwenye taarabu, ukaniacha ukenda kurukaruka na hao wenzako, nywele kama umetoka kupigana na paka. Leo wamekukimbia ndiyo unanikumbuka? Lione vile!

Hata hivyo umeandika kwa adabu. Endelea kula.

Babaako,
Nasser

Kikwajuni
24 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Hapa afya ipo, na ulimi wa Shangazi naupa pole. Ramadhani hiyo inaingia, nazima mitambo mpaka Idi, kwa hiyo nakwambia nilipofika.

Nyimbo zote sita nshazirekodi, na zote sita nshazifuta. Nakimbia, Baba. Nimo peke yangu chumbani, mbele yangu ukuta, na kabla sijausikia wimbo nshaumaliza. Muhiddin kaniwekea mdundo wa mashine masikioni, nikaupita na huo. Kwenye bendi sote tulikuwa tunakimbia pamoja, hakuna aliyejua. Sasa najisikia mwenyewe na wallahi natia aibu.

Besi bakia nalo. Nambie tu, wewe ulikuwa unafanyaje hata usikimbie? Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao,
Khawla

Chwaka
3 Aprili 2025

Khawla,

Marahaba, na Idi njema. Tumefunga salama, Amne kapika mikate ya ajemi mpaka majirani wakaikimbia. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima chini ya mto.

Kwanza jambo moja. Ile siku nilokuja kukutazama ukipiga na bendi yako Ngome Kongwe, nikanyanyuka katikati nikatoka, Amne kanambia unawaambia watu Baba aliona aibu. Sikuona aibu. Niliona vidole vyako vinakwenda, vizuri kabisa, mkono niliokufundisha miye, na nilichosikia ni mvumo mmoja kama wa feni. Hapo ndipo nilipojua yangu yamekwisha. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kisha nikakukasirikia wewe, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema mimi kiziwi. Nisamehe mwanangu.

Sasa hilo la kukimbia. Mimi nlikuwa simtazami mwimbaji, nlikuwa natazama ukumbi. Mwanamke ananyanyuka kiti cha nyuma anakuja kutuza, ubeti umemgusa, anakuja kwa maringo hatua moja moja. Huwezi kumaliza wimbo naye yuko njiani! Unazunguka pale pale, unazunguka, mpaka atuze, arudi akae kitako. Wewe humo chumbani huna mtu wa kumngoja. Mtafute mtu aje akutuze.

Babaako,
Nasser

Kikwajuni
2 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Hali yangu nzuri kuliko zote nilizokuandikia. Nilipoisoma barua yako nililia mpaka Muhiddin akadhani kuna msiba. Nshakusamehe zamani, nawe nisamehe, nilikusema kwa watu bila ya kukuuliza.

Nimemwita jirani yangu Bi Mwanakheir nikampanga mlangoni, nikianza aje polepole. Nilidhani atakuja na khanga za nyumbani. Kaja kapambika, viatu virefu, udi unanukia mpaka barazani, na kikuba cha maua ya asumini mkononi! Mara ya kwanza kapiga kigelegele ndani ya kipaza sauti, Muhiddin akaruka kitini. Mara ya pili kanipachika kikuba kifuani katikati ya ubeti, nikacheka, lakini vidole vikaendelea kuzunguka. Sikukimbia, Baba! Kicheko kimo humo na sikifuti.

Nyimbo tano zishakamilika. Wa sita umenikatalia. Ni ule niliomtungia marehemu Mama. Bi Mwanakheir anakuja vizuri, lakini Mama hakumjua, na kila nikifika kwenye jina lake natimua mbio. Zimebaki wiki nne. Siachi.

Mwanao,
Khawla

Chwaka
9 Mei 2025

Khawla mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli.

Besi linakuja Jumamosi ya wiki ijayo kwa pikapu ya jirani yetu Msabah. Nyuzi mbili nimezibadilisha, zilizobaki bado nzima. Usilishike na mafuta ya sambusa mkononi, nakujua.

Na mimi nakuja pamoja nalo. Mama yako alipokuwa akiimba pale klabuni, ukumbi mzima ulikuwa ukinyanyuka kumtuza. Wanaume, wanawake, hata muuza kahawa. Aliyekuwa hanyanyuki ni mumewe, yuko nyuma na besi, akiliacha wimbo unaanguka. Miaka thalathini na moja nimewatazama watu wakienda mbele. Sijakwenda hata mara moja.

Bi Mwanakheir mwambie apumzike siku hiyo. Uanze ule wa sita, na mlango uwe wazi. Kikuba Amne anakifunga, asumini anachuma asubuhi ile ile. Utakachoimba sitakisikia, lakini mkono wako n'tauona. Magoti yangu si ya zamani, na kutoka mlangoni mpaka kwako n'tachukua muda.

Usimalize sijafika.

Babaako,
Nasser