Kumpitisha Gathogo Machimboni

Jumapili, 3 Agosti 1958
Plagi nimesafisha, mnyororo nimeutia mafuta. Sasa pikipiki inaitika kwa teke moja. Nimempeleka Mama kanisani na kumrudisha. Amelalamika upepo umemvua kitambaa.

Jumanne, 5 Agosti
Gathogo amekuja gereji. Anatembea kwa fimbo siku hizi. Anataka nimbebe Jumapili ya tarehe 17, kutoka kwake Kalimoni mpaka Ruiru. Binti yake amejifungua, na pasi ya kusafiri aliyopewa na serikali ni ya siku hiyo moja tu. Mtu aliyemuua ndugu yangu ananiomba lifti! Amenipa mkono, nikaupokea. Alipoondoka nikanawa kwa petroli.

Nimemkubalia. Tutapita machimboni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekaza vibaya gurudumu la lori la watu. Tajiri wangu amenifokea mbele ya wateja. Sikusikia hata nusu.

Naandika nisije nikalegea. Machimbo ya mawe yalikuwa na sheria moja. Kabla ya baruti, nyapara hugonga mara tatu kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti wa mgunga. Ukisikia, unakimbia kujificha. Nyapara alikuwa Gathogo. Mimi nilikuwa kibandani juu, nikifua na kunoa patasi. Ndugu yangu Mwangi alikuwa shimoni. Siku ile reli haikulia. Baruti ikalia.

Mbele ya hakimu mzungu, Gathogo alisema neno moja tu: nilisahau. Akafungwa mwaka, akatoka, sasa ana mjukuu. Mwangi alikuwa na miaka kumi na tisa. Namchukia yule mzee hata kikohozi chake.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpango. Naacha barabara kubwa, nasema ni njia ya mkato. Machimbo yalifungwa, hapiti mtu. Shimo kubwa limejaa maji. Nasimama ukingoni, namwambia ashuke anyooshe mguu. Fimbo naitupa kwanza. Kisha yeye.

Dawa ya moto ni moto. Mama asijue.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekwenda peke yangu kuipima njia. Nyasi zimefika kwenye usukani. Mgunga bado upo, na waya wa kutundikia bado unaning'inia. Reli haipo. Nikadhani wezi wa chuma.

Nikaingia kibandani kwangu. Paa limeanguka. Niliponyanyua bati nikaiona juu ya gogo langu la kufulia patasi. Reli. Imefungwa kwenye gogo kwa waya, fundo la kuzungusha mara mbili. Ninavyofunga mimi.

Fuawe langu, chuma cha kufulia patasi, lilipasuka asubuhi ile. Sasa nakumbuka. Niliiazima reli niifulie. Nilikuwa naiazima mara kwa mara na kuirudisha kabla ya baruti ya saa sita.

Jumatatu, 11 Agosti
Labda kuna aliyeiweka pale baadaye. Labda niliirudisha, naye akasahau kweli. Mtu gani atafunga fundo langu?

Jumatano, 13 Agosti
Sikula jana, wala leo. Mama anauliza. Namfokea. Bado namchukia Gathogo, na sasa zaidi. Kwa nini hakusema? Miaka yote hii nimemtemea mate akipita, naye ananisalimu.

Hasira imekosa pa kwenda. Inanirudia mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimekaza breki. Sijui kesho nitafanya nini. Nikimwua, hapatakuwa na mwingine anayejua.

Jumapili, 17 Agosti
Nilimchukua saa mbili asubuhi. Alikuwa amevaa koti, na kifurushi cha nguo za mtoto kifuani. Nikaacha barabara kubwa. Hakuuliza.

Nikazima injini ukingoni. Akashuka mwenyewe, polepole, akaegemea fimbo yake, akatazama maji. Nikaenda kibandani, nikakata ule waya, nikamletea reli. Nikaiweka miguuni pake.

Nikamuuliza kwa nini alisema amesahau.

"Mama yako alikuwa amebaki na mtoto mmoja," akasema.

Akaniambia baruti ilikwisha washwa alipofika mgunga na kukuta waya mtupu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kisha akasema tusichelewe, pasi ni ya leo tu.

Nikaitundika reli mgungani, pale pale ilipokuwa zamani. Nikaokota jiwe, nikagonga mara tatu. Gathogo akainamisha kichwa na kurudi nyuma kutoka ukingoni, kama tulivyofundishwa.

Ruiru tulifika kabla ya saa nne. Mtoto ni wa kike. Nimempakata kidogo.

Mama amelala kwenye kiti cha nje. Akiamka nitamwambia habari ya reli.